Waridi Mbele ya Nyumba

Mwalimu Elimringi aliingia darasani amekumbatia rundo la karatasi zilizoanza kugeuka rangi, na wasichana wa mwaka wa pili wakadhani ni mtihani wa ghafla. Mmoja aliguna kwa sauti. Siku nyingine angesimamishwa mpaka kipindi kiishe, lakini siku hiyo Mwalimu hakuonekana hata kusikia. Aliziweka karatasi mezani, akazipangusa vumbi kwa kiganja, akawatazama.

"Mnazikumbuka hizi?"

Akainua ile ya juu kabisa waione.

"Ni insha zenu za kwanza kabisa. 'Nyumbani Kwetu.' Mliziandika wiki ile mliyofika hapa chuoni, wengine bado mnalia kwa kuwakumbuka mama zenu. Nilizifungia kabatini makusudi. Sasa mnakaribia kutoka, mwende mkafundishe watoto wa watu kuandika. Nataka kila mmoja asome aliyoyaandika siku ile, aone alikuwa nani. Halafu aiandike upya, na chini yake anieleze amejifunza nini juu ya kuandika. Itakayokuwa bora itasomwa siku ya kuwaaga, mbele ya wageni."

Chuo hicho cha ualimu kilikuwa juu kidogo ya mji wa Arusha, mahali ambapo asubuhi ukifungua dirisha Mlima Meru unakujaa machoni. Mwaka ulikuwa wa hamsini na mbili. Wasichana walitoka huku na huku: Wameru, Waarusha, wachache Wachaga, na Kiswahili cha wengi wao kilikuwa ni cha shuleni, kimevaliwa juu ya lugha ya nyumbani kama sare. Tabea, binti Nathanaeli, ndiye aliyesifiwa kwa insha. Alijua kuufungua mwanzo, kuupanga mwili wa habari, na kuufunga mwisho kwa adabu. Rafiki yake Sinyati, Mwarusha wa Oldonyo Sambu aliyeketi naye dawati moja, alizoea kumpa kazi zake amsahihishie kabla hazijafika kwa Mwalimu.

Karatasi ya Tabea ilipofika mikononi mwake, aliuona mwandiko wake wa zamani, mkubwa na wa duara, akatabasamu. Kisha akaanza kusoma.

"Nyumbani kwetu ni mahali pa kupendeza mno kupita kiasi. Nyumba yetu ni kubwa, nayo imesimama katika uwanda wenye majani mabichi. Karibu yake unapita mto wenye maji safi kama kioo. Mbele ya nyumba kuna maua ya waridi, mekundu na meupe, ambayo mama yangu huyamwagilia maji kila asubuhi. Jioni baba yangu huketi katika kiti chake barazani akasoma gazeti, huku ndege wakiimba nyimbo tamu."

Tabasamu likamkauka usoni.

Kwao hakukuwa na waridi. Waridi alikuwa ameliona katika kitabu cha kusomea, kwenye picha ya nyumba yenye dirisha la kioo. Baba yake hakuwahi kuwa na gazeti, na baraza lenyewe halikuwapo. Hata mto alikuwa ameuongopea. Kwao ni Ngare Nanyuki, na kila mtu wa upande ule anajua kwamba jina hilo kwa Kimasai ni maji mekundu. Mto unachukua rangi ya udongo, na ukichota lazima ungoje utulie.

Lakini hayo yote angeweza kuyacheka, kama wenzake walivyokuwa wakiyacheka ya kwao na kuonyeshana kwa vidole. Kilichomfanya asicheke ni kitu kingine. Nyumba yenyewe haikuwapo tena. Mwaka uliopita, mwezi wa Novemba, serikali ilikuwa imewaondoa Wameru wa Ngare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi. Askari walikuja na malori, watu wakapakiwa, nyumba zikachomwa moto. Tabea alikuwa hapahapa chuoni, akijifunza namna ya kuandaa somo. Habari alizisikia kwenye sala ya asubuhi, pale mchungaji alipowaombea waliopoteza makao. Baada ya siku kadhaa mama yake, Elizabeth, alifika getini amebeba kifurushi, akasema neno moja tu: "Tumehama."

Watu walipelekwa King'ori. Nathanaeli hakukaa huko. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine, naye akamchukua mkewe wakapanda mpaka Nkoaranga, kwa ndugu wa ukoo aliyewapa kibanda nyuma ya kahawa zake. Wakawa wanaishi hapo, si wageni, si wenyeji.

Sasa Tabea aliketi na karatasi mbele yake, na kitu kikamjia akilini kikamwogopesha. Duniani kote maandishi yaliyosema habari za nyumba ile yalikuwa haya tu. Na yalikuwa ya uongo.

Alichovya kalamu ili aandike upya. Akaandika, "Nyumba yetu ilikuwa," akasimama. Ilikuwa na nini? Mlango ulifungukia ndani au nje? Nguzo ya katikati ilikuwa ya mti gani? Alikuwa amelala chini ya paa lile miaka yote ya utoto wake, na alipolitafuta sasa aliliona lile la kitabuni. Kengele ilipolia alikuwa bado na maneno yale matatu.

"Nimeshamaliza ya kwangu," Sinyati alimwambia walipokuwa wakienda kuteka maji. "Nimeandika kwamba mwanzoni nilikuwa naandika kama mtu anayekimbizwa na nyati, na sasa naandika kama mtu anayetembea. Basi. Ya kwako?"

Tabea akamweleza. Sinyati aliweka ndoo chini.

"Nenda kamwulize baba yako," alisema.

"Baba hasemi habari za kule. Tangu siku ile hajalitaja hata jina."

"Wewe nenda."

Jumamosi Tabea aliomba ruhusa, akapata nafasi kwenye lori la kahawa mpaka Tengeru, na kutoka hapo akapanda kwa miguu. Njia za Nkoaranga ni za kupandia kwa magoti. Mvua ikinyesha unashikilia migomba. Alimkuta baba yake ameketi juu ya gogo, kisu mkononi, akipunguza matawi ya kahawa ambazo si zake. Alikuwa amekonda. Shati lilimpwaya mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Wamefunga chuo?"

"Hawajafunga. Nimeomba ruhusa. Nina kazi ya darasani, nataka unisaidie."

"Mimi?" Mzee Nathanaeli aliinua uso. "Nikusaidie wewe kazi ya darasani?"

"Ni habari za nyumba yetu."

Kisu kilisimama juu ya tawi. "Nyumba ipi?"

"Ya Ngare Nanyuki."

Mzee aliinamisha uso tena. Akaendelea kukata, taratibu, tawi baada ya tawi, kama mtu aliyeachwa peke yake. Kutoka jikoni Elizabeth aliita, "Tabea, njoo unishikie chungu," na binti alipoingia hakukuwa na chungu cha kushika. Mama alimvuta karibu na moto.

"Usimchokoze baba yako. Neno hilo halijatoka mdomoni mwake mwaka huu wote. Usiku anaamka anakaa tu. Mwache."

"Nisamehe, mama."

Wakala loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, maziwa yenyewe ya kupewa. Tabea alikuwa amekwisha kukata tamaa, anapima jua aondoke, pale baba yake alipojifuta mdomo akasema, "Haya. Toa hiyo karatasi. Soma."

Alitaka kumwambia si kitu, ni mambo ya kitoto. Lakini mzee alikuwa ameegemea ukuta, ameweka mikono magotini kama aketivyo kanisani. Akasoma. Alipofika kwenye mto wenye maji safi kama kioo, sauti ilimshuka. Alipofika kwenye waridi, mama yake aliacha kukwangua sufuria.

"Rudia hapo," alisema baba.

Akarudia.

"Waridi ndiyo nini?"

"Maua, baba. Ya Wazungu. Yana miiba."

"Yalikuwa upande gani?"

"Hayakuwapo."

"Na hilo gazeti?"

"Halikuwapo."

Mzee Nathanaeli akacheka. Tabea hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu mpaka akashtuka. Lakini kicheko hakikwenda mbali. Kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipotulia uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ng'ombe wangu mbona hawamo?"

Tabea alitazama chini.

"Zizi halimo. Masale niliyoyatoa huku juu nikaenda kuyapanda mpakani kwa mkono wangu, hayamo. Uliona haya?"

"Nilidhani mwalimu ataona sisi ni washamba."

"Sisi ni washamba," alisema baba, bila hasira. Akaigusa ile karatasi kwa kidole. "Nyumba ile niliijenga mwenyewe. Kule sasa haiko. Nawe ukaiandika, na humu nako haimo. Basi iko wapi?"

Tabea alilia. Hakujificha. Mama yake alikaa kando yake, asimbembeleze wala asimkemee, na baba akangoja mpaka alipojipangusa kwa kanga.

"Chukua kalamu," akasema. "Nguzo ya katikati ilikuwa ya mtarakwa. Niliutoa msituni, nikaubeba begani mwenyewe, kwa sababu kijana niliyepanga aje anisaidie hakutokea."

Akaendelea. Kwanza polepole, kisha maneno yakaja kwa wingi mpaka mkono wa Tabea ukauma. Alisema nguzo ile ilikuwa na alama nyeusi upande wa moto, kwa kuwa Tabea alipokuwa anaanza kutambaa alivuta kijinga cha moto akakiegemeza hapo. Alisema mlango ulifungukia nje, kwa sababu ya upepo. Upepo wa kule hauna adabu, unaingia na vumbi lake mpaka ndani ya chungu. Alisema kulikuwa na jiwe mlangoni alilonolea visu mpaka likafanya bonde. Alimtaja fahali mwekundu mwenye pembe iliyopinda, na jinsi alivyokuwa akija mwenyewe kusimama mlangoni mvua ikikaribia. Elizabeth naye akatia neno: paa lilivuja upande wa kitanda, kila masika, na kila masika bwana mkubwa huyu aliahidi kuliziba.

"Nililiziba," alisema mzee.

"Mwaka wa mwisho," alisema mkewe.

Wakatazamana.

"Na siku ile, baba?" Tabea aliuliza.

Mzee aligeuka kutazama mlangoni. Nje kuku walikuwa wakiparuza chini ya migomba.

"Siku ile walituambia tutoe vitu. Mama yako akatoa chungu na blanketi na Biblia. Mimi niliung'oa mlango. Sijui kwa nini. Nikaubeba mgongoni mpaka kwenye lori. Askari akaniambia, mzee, lori halina nafasi ya mlango. Nikauweka kando ya barabara. Nikaulaza chini vizuri, usije ukapasuka." Akasugua viganja vyake. "Lori lilipoondoka nilikuwa nauona."

Tabea aliandika insha yake kwa siku nyingi, akiifuta na kuianza tena. Hakutafuta maneno makubwa. Kila neno zuri lilipomjia, alijiuliza kama kitu chenyewe kilikuwapo, na kama hakikuwapo alilitupa. Ilipofika sehemu ya kueleza alichojifunza, aliandika kidogo tu: "Nilipoandika mara ya kwanza, sikuwa nikitazama nyumbani. Nilikuwa nikimtazama mwalimu, nione kama anapendezwa. Nilidhani kuandika vizuri ni kupamba. Sasa najua kwamba mtu akipamba kitu ambacho hakukitazama, anakifukia. Nimejifunza jambo hili baada ya kitu chenyewe kwisha, na nasikitika kwamba sikulijua mapema."

Mwalimu Elimringi alimwita ofisini. Insha ilikuwa mezani, na Tabea aliona kwamba hakukuwa na alama hata moja ya wino mwekundu.

"Kaa, Tabea."

Akakaa. Mwalimu alivua miwani, akaisafisha kwa pindo la koti, akaivaa, akaivua tena.

"Nimeisoma. Nimeisoma tena leo asubuhi. Mke wangu ana ndugu zake walitoka kule." Akakohoa. "Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kupokea katika darasa hili. Nitaipa alama inazostahili. Lakini haitasomwa."

Tabea alimwangalia.

"Siku ya kuwaaga, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya mwenyewe, atakuwapo. Atakaa mbele kabisa. Unadhani atasikiliza habari ya mlango kando ya barabara, kisha akupe mkono na cheti?"

"Mwalimu, wewe ulisema tuandike tulichojifunza."

"Nilisema. Nawe umejifunza. Na mimi nina watoto." Aliyasema haya kwa sauti ya chini, akitazama dirishani. "Mkuu wa chuo aliziona zile za mwanzo. Ameipenda ile yako ya waridi, ameshaliweka jina lako. Rekebisha sarufi tu, uisome hiyo."

"Mwambie asome Sinyati."

"Nimejaribu. Anataka waridi."

Kabla hajatoka Mwalimu alimrudishia insha yake, ameikunja ndogo. "Usiiache hapa," alimwambia. "Nenda nayo."

Kilichomuuma Tabea zaidi ni kwamba alikwisha kuwaambia wazazi wake waje wasikilize. Baba yake alikuwa ameazima koti kwa mzee wa kanisa. Tabea alifikiri kumtuma mtu akawaambie wasije, akatafuta la kusema, akalikosa. Siku zikapita, na siku ikafika.

Ukumbi ulipambwa kwa matawi. Wageni Wazungu waliketi viti vya mbele, Bwana Shauri katikati yao amepakata kofia. Wazazi walijazana kwenye mabenchi ya nyuma. Tabea alimwona baba yake tangu alipopanda jukwaani. Koti la kuazimwa lilikuwa kubwa, mikono imefunika vidole. Mzee alikuwa ameinama mbele kidogo, ametega sikio.

"Nyumbani kwetu ni mahali pa kupendeza," Tabea alianza.

Akasoma yote. Hakukwama. Sauti yake haikutetemeka, kwa maana miaka miwili alikuwa amefundishwa kuisimamisha. Alisoma majani mabichi na maji ya kioo. Alisoma maua ya waridi, mekundu na meupe. Aliposoma juu ya gazeti aliona Bwana Shauri akitikisa kichwa kwa kuridhika, na huko nyuma aliona koti lile kubwa halijasogea. Alipomaliza watu wakapiga makofi. Baba yake naye alipiga makofi, sawasawa na wenzake, si kwa haraka wala kwa kuchelewa.

Baadaye, wakati wa chai, mkuu wa chuo aliwafikia pale walipokuwa wamesimama pembeni. Alikuwa mama wa Kizungu mwenye moyo mwema, na Kiswahili alikijua.

"Mama Tabea," alisema, akimshika Elizabeth mkono kwa mikono yake miwili, "unaye binti hodari. Na mimi napenda sana maua. Niambie, waridi zako bado zinastawi?"

Tabea alishusha kikombe chake. Mama yake alimtazama yule Mzungu, akamtazama binti yake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Zinastawi, Bibi," alisema.

Waliondoka mchana uleule, Tabea akifuatana nao, sanduku lake kichwani. Walitembea kitambo kirefu. Walipofika kwenye mfereji mmoja juu ya Tengeru baba yake alitaka kupumzika. Akaketi kwenye jiwe, akavua koti, akalikunja vizuri kwa kuwa lilikuwa la mtu.

"Sauti yako ilifika mpaka nyuma," alisema.

"Baba, walinikataza."

"Najua. Nilipomwona Bwana Shauri amekaa pale nilijua." Akanawa uso kwa maji ya mfereji. "Ile nyingine unayo?"

"Ninayo."

"Basi isome sasa. Tuko sisi."

Tabea alitua sanduku, akaitoa, akaisoma amesimama kando ya maji, kwa sauti ya kawaida. Watu wawili watatu walipita na mizigo yao, wakasalimu, wakaendelea. Mzee Nathanaeli alisikiliza amefumba macho. Alimkatiza mara moja tu.

"Mlango haukuwa wa mtarakwa. Nguzo ndiyo ya mtarakwa. Mlango ulikuwa wa mringaringa."

Tabea akatafuta penseli, akapiga magoti, akasahihisha juu ya sanduku. Aliposoma habari ya lori, mama yake aligeuka akawa anatazama bondeni. Mwisho ulipofika baba alikaa bado amefumba macho, na Tabea hakuthubutu kumwuliza kama ameridhika.

"Haya," alisema mwishowe, akinyoosha mkono ainuliwe. "Twende, jua linakwenda."

Mwaka uliofuata Tabea alipangiwa shule ndogo ya Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, akapokewa na jamaa za Sinyati kama mtoto wao. Alifundisha kusoma, hesabu, na insha. Masika yalipoanza alipata habari kwamba baba yake amelazwa hospitali ya Nkoaranga kwa kifua. Kabla hajapata ruhusa ya kuondoka ikaja habari ya pili. Wauguzi walikuwa wamefanya waliloweza, mama yake alimwambia baadaye. Mzee alikuwa akigeukia ukutani chakula kinapoletwa.

Tabea alifika Nkoaranga na matope mpaka magotini. Mzee wa kanisa, yuleyule mwenye koti, alimsogeza kando.

"Pole, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wetu. Tuandikie historia fupi ya marehemu, isomwe kaburini. Alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alioa, mkazi wa Nkoaranga, amelala. Usirefushe, mvua hii."

Tabea aliketi kwenye kitanda cha wazazi wake akaandika. Haikuwa ndefu. Alimweka baba yake pale alipokuwa: mjenzi wa nyumba yake mwenyewe, mfugaji, mkazi wa Ngare Nanyuki. Mzee wa kanisa aliisoma chini ya jani la mgomba aliloshikiwa. Alipofika kwenye jina la mahali alisita, akainua macho akatazama waombolezaji, kisha akalisoma kwa sauti. Watu wa kule, ambao walikuwa wengi, waliitikia kwa mguno mmoja mzito. Nathanaeli akazikwa pembezoni mwa kihamba, lile shamba la migomba na kahawa la ndugu yake wa ukoo, katika ardhi aliyopewa kwa hisani.

Matanga yalipokwisha na watu kuanza kutawanyika, Tabea alibaki na mama yake wakiosha vyungu vya watu. Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kutoka kwenye majani.

"Kule kaburini sikusikia kitu," alisema Elizabeth. "Mvua ilipiga sana. Nisomee."

Tabea akapangusa mikono, akamsomea. Mama alisikiliza huku akisugua chungu, akiitikia kwa kichwa. Karatasi ilipokwisha alisema, "Umemwandika vizuri. Ni yeye." Akamwaga maji machafu nje, akarudi, akaketi. "Kuna mmoja hayumo."

"Nani, mama?"

"Kabla sijaitwa Mama Tabea nilizaa mvulana. Hakufikia kubatizwa. Baba yako alimzika mwenyewe, nyuma ya zizi, penye mgunga ule mkubwa. Siku ile ya malori alikwenda akasimama pale kwanza, ndipo akaja kung'oa mlango. Mimi nilimwona."

Tabea aliiweka karatasi magotini. Miaka yote alikuwa amecheza chini ya mti ule. Mara mbili alikuwa amemsomea baba yake habari za nyumba ile, na mara zote mbili baba alikuwa amekaa mbele yake akamsikiliza mpaka mwisho, asimwambie.

Alinyoosha mkono kuifuata kalamu. Hakujua aandike wapi, na nafasi kwenye karatasi ilikuwa imekwisha. Mama yake akamshika kifundo cha mkono, bila nguvu.

"Usiandike," alisema. "Nilitaka ujue tu."

Akamwachia, akavuta chungu kingine, wakaendelea kuosha.